Kuchagua Risasi ya Kuwindia Mlimani

Watu wengi hudhani ya kuwa risasi njema ni ile ipitayo zote kwa nguvu. Neno hili twalisikia kwa vijana shuleni, tena twalisikia kwa watu wazima wenye akili zao. Sisi twaona sivyo, nasi twapenda kuonyesha sababu, kwa kuwa anayeteswa na kosa hili si mpigaji bali ni mnyama.

Na tutwae mfano mmoja, kondoo wa mwitu wa Milima ya Rocky, katika Amerika ya Kaskazini. Tulikaa huko kwa muda, tukafuatana na wawindaji wenye vibali, wao wakichukua bunduki na sisi tukichukua mizigo. Kondoo hawa wana pembe nzito zilizojikunja, na hupenda kukaa majabalini, mahali pasipo mti wala kichaka cha kujifichia. Macho yao ni makali mno. Aghalabu mwindaji hawezi kuwakaribia, hulazimika kupiga kutoka ng'ambo ya bonde.

Mwaka 1925 kampuni ya Winchester ilitoa risasi iitwayo .270. Upana wake ni kama milimita 7, na ile iliyopendwa kwa kondoo ina uzito wa greni 130, ndiyo gramu 8.4. Hutoka mtutuni kwa mwendo wa futi 3,000 na zaidi kwa sekunde. Jack O'Connor, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Arizona, aliisifu miaka mingi katika maandiko yake; alifariki mwaka 1978. Zilikuwako kubwa kuliko hiyo, walakini hii ina sifa mbili: njia yake haishuki upesi, wala bunduki yake haimpigi mtu bega kwa ukali. Mtu aogopaye teke la bunduki yake hufumba macho kabla ya kuvuta, na aliyefumba macho hana shabaha.

Lakini hata risasi iendayo mbio huvutwa na ardhi kama jiwe. Bunduki hiyo ikisawazishwa kwa yadi 200, risasi hushuka kama sentimita 17 kwa yadi 300, na kama nusu mita kwa yadi 400. Mahali pa moyo na mapafu ya kondoo hapazidi sana sahani ya chakula. Basi aliyedhani ni yadi 400, kumbe ni 450, atapiga zaidi ya sentimita 20 chini ya pale alipokusudia. Huenda akamvunja mguu, naye mnyama akaenda kufia mahali asipofika mtu. Siku hizi viko vyombo vya kupima umbali kwa mwali wa nuru, na kosa hilo limepungua. Upepo, hata hivyo, haupimiki kwa urahisi hivyo. Upepo wa maili 10 kwa saa, ukivuma toka ubavuni, huisukuma risasi hiyo kama sentimita 30 kwa yadi 400, na bondeni upepo hugeuka mara mbili tatu kati ya mpigaji na mnyama. Tena risasi hukaa njiani karibu nusu sekunde, na kwa nusu sekunde kondoo aweza kupiga hatua.

Liko na jambo la pili, nalo ni mwisho wa safari. Risasi ya kuwindia imefanywa ili ifunguke kama ua ndani ya mwili, imwue mnyama upesi. Ikifunguka mapema, hupasukia juu juu tu. Mwaka 1946 mwindaji mmoja wa Marekani, John Nosler, aliona risasi zake haziingii ndani ya mnyama mkubwa. Akatengeneza risasi yenye ukuta wa shaba katikati, mbele ifunguke, nyuma ibaki nzima. Na kinyume chake, risasi ngumu iliyokwisha choka kwa umbali haifunguki kabisa. Hupita na kuacha tundu jembamba, na mnyama hukimbia na kidonda chake. Kwa hiyo anayechagua asiulize tu, "Hutoka kwa mwendo gani?" Na aulize, "Hufika kwa mwendo gani?"

La tatu latuhusu sisi tulao. Lugha yetu huita kwa jina moja risasi ya bunduki na yale madini mazito ya kijivu, maana tangu zamani kimoja kilifanywa kwa kingine. Madini hayo ni sumu, na huwadhuru watoto hasa. Risasi ikivunjika mwilini, vipande vidogo visivyoonekana kwa jicho huenea katika nyama, mbali na kidonda. Tumbusi wakubwa wa California, waitwao kondori, walibaki 22 tu mwaka 1982, na sumu hiyo iliyomo katika mizoga ndiyo imewaua wengi. Tangu Julai 1, 2019, jimbo hilo limekataza kuwinda kwa risasi za madini hayo. Ziko risasi za shaba tupu, ambazo hazivunjiki ovyo. Ila nyingi zahitaji mwendo mkubwa ili zifunguke, kwa hiyo mpigaji yampasa asogee karibu zaidi.

Wawindaji wale walikuwa na kipimo kimoja, nasi tulikipenda. Kabla ya msimu kila mtu huenda uwanjani na risasi zile zile atakazowindia, akaketi kama aketivyo mlimani, akapiga sahani. Pale ambapo risasi 5 kati ya 5 zaingia sahani, ndipo mpaka wake. Akiwa mpaka wake ni yadi 250, na kondoo yuko 400, basi na atambae, au na arudi nyumbani mikono mitupu. Tuliwaona wakirudi hivyo zaidi ya mara moja, wala hakuna aliyewacheka.

Duka laweza kumwuzia mtu risasi ya kufika mbali. Kujua mpaka wake, hana budi kujifunza mwenyewe.