Tulivyosaka dizeli ya watu saba

Jamani, kusaka gari Dar es Salaam ni kama kwenda kuposa. Kila mtu anajua kuliko wewe, kila mtu ana binamu mwenye gari "safi kabisa", na ukishatoa mahari, hakuna wa kumrudishia.

Shemeji yangu, yaani mume wa dada, alinigongea mlango Jumamosi moja saa moja asubuhi. Bahasha ya karatasi za SACCOS kwapani, macho mekundu ya kukosa usingizi. Milioni 15, msomaji. Si za bahati nasibu hizo. Ni mkopo wa miaka mitatu, unakatwa kwenye mshahara wa ualimu, na kile kiwanja chao cha Kibaha ndiyo dhamana. Tukipigwa, kiwanja kimekwenda.

"Shemeji," akasema, "nataka dizeli, na nataka watu saba wakae. Twende sasa hivi kabla dada yako hajabadili mawazo."

Hesabu ya watu saba ni hii: yeye, dada, watoto wanne (wawili pacha, ndiyo maana mtaani anaitwa Baba Pacha) na mama yetu mzazi. Mama alivunjika nyonga kule Iringa, akaletwa mjini, sasa kila baada ya wiki mbili lazima afike kliniki Muhimbili. Bajaji inamrusha kwenye mashimo mpaka analia. Kwa hiyo nami sikuwa mpambe tu kwenye msafara huo. Mzigo ulikuwa wa mama yangu.

Tukapanda mwendokasi, tukashuka Magomeni, tukaanza kukanyaga lami Barabara ya Kawawa kuelekea Kinondoni. Ukitaka kuona maisha ya watu yamepangwa mstari na kuoshwa kwa sabuni, pita huko asubuhi. Vijana wa yadi wanapiga dashibodi mafuta ya kung'arisha, matairi yanapakwa weusi mpaka yanameremeta kama viatu vya bwana harusi. Kwenye vioo pametundikwa karatasi: "Namba D", "Bei maelewano". Mjini hapa herufi ya kwenye kibao ndiyo cheti cha kuzaliwa. Namba A ni babu, B ni baba mkubwa, E ndiyo watoto wa juzi. Lakini tahadhari, herufi inakwambia gari lilisajiliwa lini Bongo, haikwambii lilizaliwa lini Japani.

Na hapa niseme kitu ambacho madalali wengi hawakijui. Mnajiuliza kwa nini tuna gari nyingi za dizeli za miaka ya 1990 kutoka Japani? Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, alianzisha vita na dizeli, akawa anasimama mbele ya waandishi na chupa ya plastiki yenye masizi meusi, anaitikisa. Mwaka 2001 sheria ya nchi ikarekebishwa, ikazibana hata gari ndogo za dizeli katika maeneo ya Tokyo, Osaka na Nagoya. Oktoba 2003 malori na mabasi machafu yakapigwa marufuku Tokyo na mikoa jirani. Mjapani mwenye gari zima la kubeba familia akajikuta hawezi kulisajili tena nyumbani kwake. Likapanda meli. Wao wanaendesha upande wa kushoto, sisi pia, basi likafika kwetu likiwa limekamilika mpaka na mapazia.

Ndiyo maana dizeli ya bei ya chini yenye nafasi ni mzee wa enzi hizo. Kuagiza mpya kutoka bandarini Japani kwa bajeti yetu ilikuwa ndoto: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari lililopita miaka kumi linachapwa ushuru wa uchakavu juu yake. Ikabidi tusake lililoko mjini, lenye namba tayari.

Yadi ya kwanza tukakutana na Noah. Shemeji akapenda hapo hapo, nikaona shingo imelegea. Rangi ya maziwa, viti vinane, milango ya kuteleza. Dalali, kijana wa miwani ya jua, akatia maneno: "Bosi, hii dizeli original. Mama mmoja alikuwa anapelekea watoto shule tu."

Noah nyingi mjini hapa ni za petroli, injini 3S, na kwenye kibati cha chesisi zinaanza na SR. Ya dizeli inaanza na CR, yaani CR40, au CR50 kama inavuta magurudumu yote. Nikainama, nikasoma: CR40. Dalali hakudanganya kwa hilo. Injini yake ni 3C ya turbo, cc 2,200 hivi, haili mafuta, ndani ya mji tamu.

Lakini nikaweka kiganja kwenye boneti. Moto! Saa mbili na nusu asubuhi, gari linalouzwa, boneti la moto kama pasi? Dizeli mbovu haitaki kuamka ikiwa baridi, kwa hiyo wajanja wanaiamsha kabla hujafika. Ukifika wewe, ufunguo mmoja tu, vruum, unaona una bahati.

Nikampigia fundi wangu, mzee mmoja mwenye gereji bubu chini ya mwembe kule Sinza. Akaja na pikipiki. Akakataa hata kuligusa. "Lipoe kwanza," akasema, akaagiza chai. Tukakaa kwenye benchi saa mbili nzima, dalali anapita anatuangalia kwa jicho la kengeza. Lilipopoa, mzee akafungua kifuniko cha rejeta, akasema washa.

Likawaka kwa kusuasua, moshi mweupe mzito ukafunika yadi. Mweupe wa sekunde chache asubuhi si kesi. Usiokata ndiyo kesi: ama dizeli haiungui, ama maji yameingia pasipo pake. Bluu ni oili inaungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, hapo mtuhumiwa ni nozeli, pampu au filta ya hewa, na wakati mwingine ni nafuu. Kisha mzee akatuita tutazame ndani ya rejeta. Mapovu! Yanapanda kama soda iliyotikiswa.

"Hiyo hewa tu, mkuu," dalali akadakia.

"Hiyo silinda hedi," mzee akajibu, akafuta mikono.

Injini za 2C na 3C za turbo zina ugonjwa wao: zikichemsha mara moja tu, hedi inapasuka. Hata 1KZ ya Prado, cc 3,000, yenye sifa zote hizo, haipendi kuchemsha. Shemeji hakusema kitu. Alitoka nje ya yadi akanunua maji, akanywa chupa nzima amesimama juani.

Siku ya pili tukaona mengi, nisiwachoshe. Prado KZJ95 ilikuwa inauliza milioni 24, tukaipiga picha tukaondoka. Siti za nyuma kabisa ni za watoto tu, mtu mzima anakaa magoti yakiwa masikioni. Mitsubishi Delica ya injini 4M40, cc 2,800, ndiyo iliyonivutia mimi: pana, imeinuka, inatumia cheni badala ya taimingi belti. Bei ilikuwa ndani ya uwezo. Ila mzee wa mwembe akatuuliza swali moja tu, "Ikiharibika Kilosa, spea utampigia nani?" Spea za Toyota unazikuta mpaka kwenye duka la chumvi. Za Delica zipo Kariakoo, lakini utazunguka.

Kijana mmoja akatuonyesha Mazda CX-5 ya dizeli. Gari la kisasa, linakwenda kama limetumwa. Lakini ni la watu watano, na dizeli hizi mpya zina chujio la masizi linaloziba ukikaa kwenye foleni za safari fupi kila siku, na nozeli zake hazitaki uchafu hata chembe. Mnakumbuka uchakachuaji? Mafuta ya taa yalikuwa yanamiminwa kwenye dizeli mpaka serikali ikaanza kuweka vinasaba mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili wajanja wakose faida. Injini kuukuu zilimeza ule uchafu zikakohoa zikaendelea. Za kisasa zinakufa.

Usiku ule dada alitupokea na wali maharage na uso wa hakimu. Akauliza swali ambalo sisi wanaume wawili hatukujiuliza: "Hivi lazima liwe dizeli?" Kimya. Ukweli ni kwamba kama gari lako ni Sinza kwenda Posta na kurudi, petroli inakutosha. Bei za EWURA hutoka kila mwezi, na miezi mingine dizeli inaizidi petroli. Faida ya dizeli inaonekana ukiwa na mzigo na safari ndefu. Shemeji akajitetea kwamba kila Desemba wanakwenda Iringa, na nauli ya basi ya watu saba kwenda na kurudi anaijua kila mwaka. Dada akaguna, akaongeza maharage.

Siku ya tatu ndiyo tukaenda Tabata, kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa anabebea kwaya ya kanisa. Hiace, lile umbo la zamani, chesisi LH, injini 3L, cc 2,779, haina turbo. Boneti halina maana hapo, maana injini iko chini ya siti za mbele, lakini tulimwambia tangu jana asiwashe, na hakuwasha. Baridi kabisa. Mzee wa mwembe akasubiri taa ya hita plagi izimike, akapiga ufunguo. Likatingishika kama mtu aliyeamshwa kwa maji, likaguruma. Moshi kidogo, ukakata. Akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: kungekuwa na moshi unapuliza kama bomba la treni, ringi zimekwisha. Ukatoka mvuke mwembamba tu.

Tukatoka nalo Barabara ya Nyerere, Gongo la Mboto, Pugu Kajiungeni, tukapandisha Kisarawe. Dar ni tambarare, muuzaji anaweza kukuzungusha Mikocheni siku nzima gari lisionyeshe ugonjwa. Mlima hausemi uongo. Tulijaa sita humo kwa makusudi. Lilipanda kwa gia ya tatu, taratibu, bodaboda zikitupita na kutupungia, lakini mshale wa joto ulisimama katikati kama askari wa gwaride.

Kasoro zilikuwapo. Kelele, mpaka mnaongea kwa kupiga ukelele. Joto la injini linapanda kwenye makalio. Mikanda ya siti za nyuma hakuna, na hilo nilimkomalia shemeji: lazima ifungwe kabla mtoto hajakaa. Pia tukasoma kadi kwa makini. Hiace nyingi zililetwa kama gari la mizigo, viti vikachomelewa Gerezani. Kama kadi haitambui abiria, siku ya ajali bima itakuuliza. Hii ilikuwa imeandikwa vizuri, jina la mzee mwenyewe, si la benki. Tukaangalia na madeni ya faini za trafiki: moja, ya mwendo kasi. Mzee akacheka akailipa pale pale kwa simu.

Alianzia milioni 16 na nusu. Tulimalizia 13 na laki nane, mbele ya mwanasheria, siku ya tatu jioni. Ile iliyobaki shemeji alitaka kuweka redio. Nikamnyang'anya bahasha, salama yake ni shemeji, hapigwi. Ikaenda kwenye taimingi belti (mzee wa kwaya hakukumbuka aliibadili lini, na ikikatika imeua injini), oili na filta zote, matairi mawili, mikanda. Redio hakuna hadi leo.

Mama alipoliona akasimama na mkongojo wake, akalizunguka. "Baba Pacha, mwanangu, sasa ndiyo nitafika kanisani kwa kipanya?" Shemeji akapoteza rangi. Kisha mama akainua mguu, akakuta ngazi ni ndefu. Tukamtafutia kigoda. Kigoda kile sasa kinaishi chini ya siti, na kliniki hajakosa hata mara moja.

Desemba tukaenda Iringa, karibu kilomita 500. Morogoro tulikunywa supu, Mikumi tulipita polepole sana, kwa sababu pale kila mnyama ana faini yake kwenye kibao na twiga bei yake inazidi gari letu. Kitonga ndipo nilipotoa jasho. Malori yanajikokota, magari mawili madogo yamefunuliwa boneti pembeni, moshi unatoka, wenyewe wameshika viuno. Shemeji gia ya pili, mimi macho kwenye mshale, hakuna anayesema. Pacha tu walikuwa wanaimba. Tukafika juu, mshale haujahama. Kijijini wakatupokea, "Kamwene!", na mama akashuka kwa kigoda chake mbele ya shoga zake wote kama waziri.

Wakati wa kurudi, Ruaha Mbuyuni, akaamuru tusimame. Vitunguu. Nikajua atanunua ndoo moja. Akanunua magunia mawili, tukakunja siti ya nyuma, pacha wakalazwa juu ya mabegi, na tangu hapo mpaka Tabata gari zima, na nguo zetu, na nywele za dada yangu, vilinuka vitunguu.