Jino moja

Gari ya kikundi chetu ni Toyota Ipsum yenye injini ya 3S. Tuliinunua kwa akiba ya vijana 22, na ndiyo inabeba abiria toka hapa Nakivale mpaka Mbarara. Mwezi wa nne ikaanza kuvuja maji upande wa mikanda. Dereva wetu, kijana wa miaka 19, aliona mshale wa joto unapanda, akanyamaza. Kila asubuhi anaongeza maji tu. Tulipojua, wengi walisema atoke kikundini.

Pesa ya gereji hatukuwa nayo. Tukamwita mzee jirani, fundi wa Bukavu kabla hatujakimbia. Akatuambia: "Pompi ya maji inakaa nyuma ya mkanda wa taimingi. Ukishafungua, badilisha vyote viwili, kazi ni ileile." Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000, wetu hakuna aliyejua umetembea ngapi.

Tulifanyia kazi kwangu, chini ya turubai. Tukatoa tairi la mbele kulia, tukaegemeza injini kwa jeki na kipande cha mbao. Spana mzee akampa dereva, si mimi.

Pale chini ya gari ndipo nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema: "Kaka, aliyesema betri imekufa mlimlipisha." Ni kweli. Mimi ndiye niliandika ile kanuni, na kila Jumamosi nafundisha vijana kusema ukweli.

Siku ya pili pompi mpya ilikaa, mkanda ukavaa. Mzee akakataza kugusa ufunguo: kwanza zungusha injini kwa mkono, mara mbili kamili, halafu angalia alama. Ya chini ilisimama kwenye sifuri. Ya juu, mimi niliona iko sawa. Jua lilikuwa linazama, sote tumechoka.

Dereva akachungulia tena. "Papa, imeruka jino moja."

Mzee akainama, akaangalia, akacheka. "Ungenyamaza, ingewaka, lakini bila nguvu. Fungua, mtoto wangu."

Tukafungua upya, kwa mwanga wa simu.

Mkutano uliofuata niliomba tufute kanuni yangu: anayeleta habari ya ubovu halipi. Wawili walikataa, wengine wakakubali. Dereva bado ni yuleyule. Juzi kaniamsha saa kumi na moja alfajiri kuniambia breki inalia.