Herufi Zilizokonda

Likizo iliyopita nilikuwa sebuleni nikiandaa kiambatisho cha tasnifu yangu ya uzamili. Nilitaka kila mofimu ikae sawasawa juu ya maana yake, nikachagua Courier New, fonti ambayo "i" hupewa nafasi ileile ya "m". Mama akainama juu ya bega langu.

"Mbona zimekonda hivi?"

Mama alikuwa mpiga chapa. Kwa miaka kumi na minne alikaa mbele ya taipureta ya umeme ya IBM, katika ofisi ambayo sitaitaja. Herufi hizi anazijua kuliko mimi.

Howard Kettler ndiye aliyeichora Courier kwa ajili ya taipureta za IBM, miaka ya 1950. Ukoo wake ni wa herufi zilizoibuka London mwanzoni mwa karne ya 19 ili zisomeke kwa mbali kwenye mabango: herufi zenye nyayo nene, kama zimevaa mabuti. Kwenye taipureta nyayo hizo zilipata kazi nyingine. "i" hunyoosha zake kulia na kushoto, ikajaza nafasi yake bila kuacha pengo. IBM haikuifungia fonti hiyo kisheria, ikasambaa kila mahali. Hadi leo waandishi wa filamu wa Marekani huitumia. Ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu.

Lakini kukonda? Nilimcheka. Usiku nikasoma, nikakuta yuko sahihi. Courier New ilinakiliwa kutoka kwenye kile kijitufe cha herufi kilichokuwa kikizunguka na kugonga utepe. Waliichukua herufi ya kwenye kijitufe, wakausahau unene ambao wino na pigo huuongeza karatasini.

Asubuhi nikamwambia. Hakujibu. Aliingia chumbani, akarudi na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na nakala ya kaboni, karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, herufi zake bado zimesimama imara. Ilikuwa barua ya mwaka 2003 ya kumpunguza kazini. Kompyuta zilikuwa zimefika.

Chini kabisa, upande wa kushoto, palikuwa na vifupisho viwili, kama ilivyokuwa desturi: cha aliyetoa barua, kisha cha aliyeichapa. Hicho cha pili kilikuwa chake.

"Mama, uliichapa mwenyewe?"

"Sasa angeichapa nani, mwanangu? Tulikuwa kumi na mmoja kwenye orodha. Nilizichapa zote, yangu nikaiweka mwisho." Akanyamaza kidogo. "Na haina kosa hata moja. Tafuta."

Nikatafuta, mstari kwa mstari. Sikuliona.

Aliikunja barua, akairudisha kwenye bahasha, kisha akavuta kiti na kuelekeza kidole kwenye kiambatisho changu.

"Hapo umeacha nafasi mbili."