Hewa ya Tanga, Hesabu za Vienna

Nilipoanza kazi ya upimaji ardhi Tanga, kilichotunyima usingizi kilikuwa kimo. Namba za mashariki na kaskazini zilitulia, kimo kiliyumba. Risiva moja ya setilaiti tuliiacha pwani, nyingine tukaipandisha Lushoto, kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari. Vimo vya masika havikukubaliana na vya kipupwe, na bikoni haijaguswa na mtu.

Sababu ilikuwa hewa. Mawimbi ya redio ya setilaiti hupunguza mwendo yakipita tabaka la chini la angahewa, na risiva huona setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Setilaiti ikiwa utosini, nawe uko usawa wa bahari, hewa kavu peke yake huongeza kama mita 2.3. Mvuke wa pwani yetu unaweza kuzidisha sentimita 30. Setilaiti ikiinama hadi nyuzi 5 kutoka upeo wa macho, jumla hupita mita 20. Usumbufu wa tabaka la juu, lenye chembe za umeme, huondolewa kwa kulinganisha masafa mawili. Huu wa chini huyachelewesha yote mawili sawasawa, hivyo hauna budi kukadiriwa.

Tulikadiria kwa kanuni ya Saastamoinen ya mwaka 1972. Kwa hewa kavu naiamini hadi leo: ipe mgandamizo sahihi, itakupa jibu la milimita. Lakini programu yetu iliilisha hewa ya kubuni, nyuzi 18 na unyevunyevu wa asilimia 50 usawa wa bahari. Tanga gani hiyo, mwezi wa Aprili? Na ucheleweshaji ukikosewa sentimita moja baina ya vituo viwili, kimo huweza kupotoka sentimita tatu.

Mzee aliyenifunza alipanda milima na baromita begani. “Mwanangu, andika hewa kwanza,” aliniambia kila asubuhi. Nidhamu ile ninayo bado. Ila mvuke hukaa kwa matabaka, na hewa ya usawa wa kifua haisemi mengi kuhusu iliyo kilomita mbili juu yake.

Baadaye programu zikaanza kuutafuta ucheleweshaji wenyewe pamoja na kimo, saa baada ya saa. Kazi ikawa ndefu, lakini vimo vikaanza kupatana. Zilibaki setilaiti zilizoinama, ambazo ucheleweshaji wake hukokotolewa kutoka ule wa utosini. Kanuni ya Niell ya mwaka 1996 iliziangalia kwa latitudo, kimo na siku ya mwaka tu, kana kwamba kila masika ni sawa. Mwaka 2006 Johannes Böhm na wenzake wa Vienna wakatoa hesabu zinazochota hali halisi ya anga, mara nne kwa siku, kutoka modeli ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa. Kwangu hayo ndiyo mageuzi makubwa: kutoka hewa ya kubuni hadi hewa ya siku yenyewe. Siku hizi yapo hata matoleo ya utabiri, kwa anayetaka jibu leo leo.

Toleo la 2018 la hesabu hizo za Vienna lina gridi ya nyuzi 1, karibu kilomita 111 kila upande. Tanga na Lushoto hazifiki kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, na katikati yake kuna ukuta wa Usambara unaozuia mawingu ya bahari. Ndiyo maana nazipigania risiva za kudumu, kama ile ya Malindi. Tangu utafiti wa Bevis na wenzake wa mwaka 1992 inajulikana kwamba ucheleweshaji husomeka kinyumenyume: kila milimita 6 na kitu za ucheleweshaji wa mvuke ni milimita 1 ya maji yaliyotanda juu ya antena. Puto za hali ya hewa ni chache Afrika Mashariki. Risiva iliyofungwa Lushoto ingepima maji hayo usiku na mchana, hata mvua inyeshe.