Pikapu ya Baba Mdogo Inatetemeka

Niko Kibara. Kwa wale walioiacha ramani ya nchi yao darasa la saba: ukitoka Mwanza unapita Magu, Lamadi na lango la Ndabaka (hapo punguza mwendo, wanyama hawajui alama za barabarani), unafika Bunda mjini, kisha unakata kushoto kama unakwenda Kisorya kwenye kivuko cha Ukerewe. Kibara iko njiani. Nilikuja likizo ya wiki mbili nikiwa na nia ya kula sato, kulala, na kutosoma gazeti lolote, likiwamo letu. Nia hiyo haikumaliza siku ya pili.

Baba mdogo ana Hilux ya dizeli. Asubuhi inashuka mwaloni kuchukua dagaa na samaki, inapeleka Bunda, siku nyingine mpaka Mwanza, na inarudi na saruji, sukari na abiria wa kulazimisha. Usiku ikigongwa hodi kwamba kuna mgonjwa wa kukimbizwa, ndiyo hiyo hiyo. Dereva ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, miaka 23, leseni yake halali na adabu yake halali.

Gari lilikuwa na ugonjwa. Ukiwa kwenye mwendo wa 60 kwenda juu, ukikanyaga breki usukani unatetemeka mikononi kama umeshika kuku anayetaka kuchinjwa. Mwaka uliopita diski za mbele zilibadilishwa mara mbili. Kila mara gari linatulia, miezi mitatu inapita, ugonjwa unarudi. Baada ya mara ya pili baba mdogo akatoa hukumu: dereva anakanyaga breki kama anaua nyoka, anazipinda diski. Zile za pili zilinunuliwa shilingi 180,000, na binamu akaambiwa alipe nusu. Akawa anakatwa 30,000 kila mwezi kwa miezi mitatu. Nilipofika alikuwa ameshakatwa 60,000, umebaki mwezi mmoja, na usukani umeanza kutetemeka tena. Baba mdogo alikuwa na jina la dereva mwingine mfukoni.

Mimi si fundi. Nimesoma chuo kikuu miaka mitatu na sijawahi kufungua hata nati ya baiskeli. Lakini kazi yangu ni kuuliza, na nilipomuuliza baba mdogo amejuaje kwamba ni mguu wa dereva, akanijibu, "Sasa nani mwingine anakanyaga?" Kwenye chumba cha habari jibu kama hilo mhariri angelirudisha. Kwa baba mdogo huwezi kurudisha kitu, unasema "ndiyo baba" na unamsindikiza binamu gereji.

Gereji yenyewe ni mwembe mmoja, benchi la mbao lenye jiliti, na fundi wa makamo ambaye hakuwa ndiye aliyebadilisha zile diski mbili za mwanzo. Alinipa jina la Mwandishi papo hapo na hakuniita vingine mpaka mwisho. Nilitegemea achukue jeki. Hakugusa spana. Alianza kuuliza.

"Ukiachia breki, inatetemeka?"

"Hapana, Fundi."

"Hata kwenye mia?"

"Hata kwenye mia. Inatulia tuli."

"Basi matairi tuyaache. Tairi lisilo na balansi halingoji ukanyage breki. Inatetemekea wapi, mikononi au makalioni?"

Binamu akacheka. Fundi hakucheka. Mikononi maana yake magurudumu ya mbele, yanayoshikana na usukani. Makalioni, yaani kwenye kiti, mara nyingi ni ya nyuma. Kwa kuwa Hilux ile ina breki za drami nyuma, na breki ya mkono inabana drami hizo, alituambia twende barabara tupu, tutoke kama kwenye 40, tuvute breki ya mkono taratibu huku kidole kiko kwenye kitufe chake ili isijifunge. Ikitetemeka, ugonjwa uko nyuma. Tukaenda, tukavuta, gari likapungua mwendo kistaarabu kabisa. Nyuma wazima.

Hapa niwape hesabu kidogo, maana nilikaa juu ya gogo nikapiga mwenyewe. Gari na mzigo wake likiwa na kilo 2,500, likikimbia 80 kwa saa, lina nguvu ya mwendo ya kutosha kuchemsha karibu lita mbili za maji kutoka kwenye mtungi mpaka yatokote. Ukisimama, joto lote hilo linaingia kwenye breki kwa sekunde chache, na sehemu kubwa inabebwa na zile diski mbili za mbele. Na kwa mwendo huo tairi linazunguka karibu mara kumi kwa sekunde. Diski ikiwa na sehemu nene na sehemu nyembamba, pedi zinasukumwa na kurudi mara kumi kwa sekunde, mafuta ya breki yanapeleka habari mpaka kwenye pedeli, na usukani unacheza. Ndiyo maana mtetemo unapungua kasi kadiri gari linavyopungua.

Unene unaozungumziwa ni wa aibu. Karatasi ya ofisini ina unene wa kama milimita 0.1. Tofauti ya sehemu ndogo tu ya karatasi hiyo kwenye diski inatosha kukutikisa mikono. Kwa hiyo neno "diski imepinda" tunalolitumia wote linadanganya kidogo. Watu wanafikiri chuma kimekunjika kama bati. Mara nyingi chuma hakijakunjika, kimelika visivyo sawa, au kimegandwa na unga wa pedi sehemu moja. Swali la Fundi lilikuwa: kimelikaje visivyo sawa ndani ya miezi mitatu, mara mbili mfululizo?

Akapandisha gari, akaweka na mawe chini ya fremu (jeki peke yake haaminiki, alisema, hata akiwa mkwe wako). Akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Beringi haichezi. Akatoa tairi, akarudisha nati na washa ili diski ibaki imebanwa kwenye habu. Mijini wana kipimo chenye uso kama wa saa, kinagusa diski na kusoma mpaka sehemu ya mia ya milimita. Yeye alichukua kipande cha waya mgumu, akakifunga kwenye kalipa, akakikunja mpaka ncha ikawa karibu kugusa uso wa diski. Kisha akazungusha diski polepole. Jamani, ilionekana kwa macho. Mwanga kati ya ncha na chuma ulipungua, ukapungua, ncha ikakwaruza, mwanga ukarudi. Kila mzunguko, mahali pale pale. Akaweka alama ya chaki kwenye diski pale palipokwaruza, na alama nyingine kwenye boliti ya habu iliyo sambamba napo.

Baba mdogo alikuwa ameshafika wakati huo, mikono nyuma. Tulimwamkia, akaitikia bila kutoa macho kwenye diski.

"Si umeona, Fundi? Imepinda. Mguu wa huyu."

"Mzee, nipe dakika kumi."

Alichofanya sasa ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Akafungua kalipa, akaichomoa diski kwenye boliti zake sita, akaigeuza nusu mzunguko, yaani akaruka matundu matatu, akairudisha na kubana nati kama mwanzo. Waya ukarudi mahali pake. Akanitazama.

"Mwandishi, wewe unasimamia haki. Kama ugonjwa ni wa diski, waya utakwaruza kwenye chaki ya diski. Kama si wa diski, utakwaruza kwenye chaki ya boliti. Zungusha wewe."

Nikazungusha. Diski nzito, ya baridi, mkono wangu laini wa kibodi. Chaki ya diski ikapita chini ya ncha ya waya, kimya. Nikaendelea. Nusu mzunguko baadaye, mbele ya boliti yenye chaki, kwaru.

Hakuna aliyesema kitu. Nikazungusha tena. Kwaru, boliti ile ile.

Akaitoa diski kabisa, akatuonyesha uso wa habu, pale diski inapokaa. Kutu. Si ile ya kupanguswa na kitambaa, ilikuwa gamba lililovimba upande mmoja. Kila diski mpya iliyowekwa juu yake ilikaa imeinama kidogo tangu siku ya kwanza. Kidogo sana, hata dereva hahisi. Lakini kila ikizunguka, ule upande ulioinama unaisugua pedi hata kama hakuna aliyekanyaga breki, na kilomita zinavyoongezeka inalika pale pale. Baada ya miezi kadhaa unene umeachana, na hapo ndipo usukani unaanza kupiga kelele. Ndiyo maana diski mpya ilitibu, na ndiyo maana tiba haikudumu. Upande wa kulia nako kulikuwa na gamba, dogo zaidi.

Kutu imetoka wapi? Fundi akaelekeza kidevu upande wa ziwa. Pikapu inarudishwa kinyumenyume mpaka majini ili vijana wasibebe ndoo mbali, na ikitoka pale imelowa, inapakwa mchanga, inalala. Kila siku. Na wale waliobadilisha diski mara mbili hawakupitisha hata brashi ya waya kwenye habu, walichomoa, wakachomeka, wakabana nati kwa kuzunguka moja baada ya nyingine, kijana amesimama juu ya spana.

Kuna jambo jingine, hili ni langu. Zamani barabara hii ilikuwa ya mawe na vumbi, gari zima linatetemeka kuanzia Bunda mpaka ufike, nani atasikia breki? Lami ya Bulamba hadi Kisorya imeleta mwendo na imeleta ukimya, na katika ukimya gari linaanza kusema kinacholiuma. Nina hakika nusu ya magari yanayopita pale yanatetemeka na wenyewe wanasema "ni barabara".

Kwa haki ya baba mdogo, Fundi alikiri mguu nao unaweza kuharibu. Ukisimama ghafla kutoka mwendo mkali, diski ikiwa ya moto sana, ukaendelea kukandamiza pedeli gari limesimama, pedi zinaacha muhuri wake pale. Lakini muhuri huo ungekwenda na diski. Huu ulibaki na boliti.

Baba mdogo akasema basi tununue nyingine mpya, yaishe. Fundi akakataa. Diski ina kikomo cha unene kimechapwa kwenye chuma chenyewe, na yetu ilisomeka milimita 23. Pembeni ya diski iliyotumika huwa na ukingo ambao haujalika, ukipima hapo unajidanganya. Akaomba sarafu mbili zinazofanana, akaweka moja kila upande ndani ya ukingo, akabana kwa venia, akatoa unene wa sarafu. Ikabaki 24.2. Ya kulia ilikaribiana nayo. "Hii inachongwa," akasema. Binamu akazipeleka Bunda kwa mchongaji mwenye mashine, zikarudi kesho yake zikiwa na 23.8, uso unang'aa kama sahani.

Habu ilichukua muda mrefu kuliko vyote. Brashi ya waya, kisha msasa, duara baada ya duara kuzunguka kila boliti, mpaka chuma cheupe. Vumbi la breki alilifuta kwa kitambaa chenye maji na kumkemea mtoto aliyetaka kulipuliza kwa mdomo, maana halifai kwenye mapafu. Pini za kalipa zikapakwa grisi yake. Waya ukawekwa tena, safari hii mwanga haukubadilika mzunguko mzima. Nati akazibana kwa kukatiza, hii kisha ya upande wa pili, kidogo kidogo. Pedi mpya zikazoezwa: kutoka 60 hadi 10 bila kusimama kabisa, mara nane, ukipumzisha katikati.

Kujaribu, baba mdogo aliendesha mwenyewe, kuelekea Bulamba. Mimi katikati, binamu dirishani. Kwenye 90 akakanyaga. Usukani ukanyamaza. Akapandisha, akakanyaga tena kwa nguvu, nikashika dashibodi. Kimya. Akafanya hivyo mara tano, na sidhani kama mara mbili za mwisho zilikuwa za kujaribu breki.

Tangu hapo pikapu haiingii majini. Vijana wa ndoo wananung'unika kwamba mchanga ni mrefu.

Kuhusu makato hakuna kilichosemwa. Baba mdogo ni mtu wa umri wake, na mimi sikuuliza, ingawa kuuliza ndiyo kazi yangu. Asubuhi alimwita binamu, akampa shilingi 100,000 akajaze dizeli, na alipogeuka kuingia ndani akasema chenji abaki nayo. Dizeli ilikula 62,000. Binamu akahesabu zilizobaki kwenye boneti, akazikunja, akaniangalia.

"Bado ishirini na mbili," akasema, akawasha gari.