Mvita na Nairobi: Miji Miwili, Ndoo Mbili

Mombasa na Nairobi ni miji iliyounganishwa na reli na kutenganishwa na karibu kila kitu kingine. Ibn Battuta alipotua Mombasa mwaka 1331, alikuta mji wenye misikiti na wakazi ambao chakula chao kikuu kilikuwa ndizi na samaki. Wakati huo Nairobi ilikuwa kinamasi, na hata karne nyingi baadaye ilijulikana tu kwa maji yake baridi, ambayo Wamaasai waliwanyweshea mifugo wao na ambayo ndiyo asili ya jina lake. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Ulipofika kwenye kinamasi hicho mwaka 1899, wahandisi walipiga kambi ili wapate pumzi kabla ya kulikabili Bonde la Ufa. Kambi hiyo haijavunjwa hadi leo. Kwa hivyo Nairobi ni mtoto wa Mombasa. Na kama ilivyo ada ya baadhi ya watoto, kabla haijatimiza miaka kumi ilikuwa imekwisha kumnyang'anya mzazi wake makao makuu ya serikali.

Tofauti za miji hii hudhihirika kwanza katika salamu. Kila mmoja una barabara iitwayo Moi Avenue. Katika ile ya Mombasa, karibu na zile Pembe mashuhuri, watu wawili wakikutana huulizana hali, kisha hali za watoto, za wazee, za jirani aliyekuwa mgonjwa, na mwishowe hurudia kuulizana hali, maadamu huenda zimebadilika tangu mazungumzo yaanze. Katika ile ya Nairobi, mtu hurusha neno moja, "Sasa!", na mwenzake hulidaka kwa "Poa!" bila ya yeyote kupunguza mwendo. Mgeni wa Pwani hudhani kwamba watu hao wana ugomvi. Mgeni wa bara, naye, akisalimiwa Mombasa hudhani kwamba anataka kukopwa.

Hata hivyo, salamu ni mlango tu. Ndani ya nyumba mna mambo mazito zaidi, kama kinavyoonyesha kisa cha mzee mmoja wa Mji wa Kale na mjukuu wake aliyezaliwa na kulelewa Nairobi, katika mitaa ya Eastlands.

Mzee huyo alipanda gari moshi la reli mpya, iliyoanza kuwachukua abiria mwaka 2017, akafika Nairobi kwa muda wa saa tano hivi. Ilikuwa Julai. Alikuwa amevaa kanzu nyepesi, na mji ulio zaidi ya mita 1600 juu ya usawa wa bahari ulimpokea ipasavyo. Akiwa anatetemeka sebuleni, alimwita mjukuu wake: "Ndoo, mwanangu!" Kijana, aliyefunzwa adabu, alitoka mbio na kurudi na ndoo. Mzee akaitazama, akasema tena kwa sauti ya juu zaidi, "Ndoo!" Kijana akaleta ya pili.

Mwanaisimu hana haja ya kuelezwa kilichotokea. Pale ambapo Kiunguja kina "nj", Kimvita aghalabu kina "nd": njia ni ndia, na njoo ni ndoo. Hali kadhalika, palipo na "ch" katika Kiunguja, mara nyingi Kimvita kina "t": macho ni mato, nchi ni nti, na kucheka ni kuteka. Jioni hiyo hiyo mzee alisimulia habari za mchuuzi mmoja wa Kongowea aliyeteleza na kuanguka juu ya mapapai yake, na jinsi "watu walivyomteka". Kijana akauliza kwa hofu iwapo polisi walipewa habari.

Siku ya pili zamu ilimgeukia mzee. Kijana alimwomba mbao ya nauli. Mzee, aliyewahi kufanya kazi na maseremala, alitaka kujua ni mbao za mninga au za msonobari. Ilibidi aelezwe kwamba kwa vijana wa Nairobi mbao ni shilingi 20, soo ni 100, na ngiri ni 1000. Mzee akakiri kwamba kwao Mvita ngiri ni mnyama, na kwamba hajapata kumwona akitiwa mfukoni.

Hadi hapa mambo yalikuwa ya kuchekesha. Ulipofunguliwa muhula, kijana aliandika insha shuleni kuhusu safari aliyokuwa ameifanya awali kwenda kwa babu yake. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Tuliposhuka ndiani nilimpa makanga mbao." Mwalimu alizungushia wino mwekundu maneno mawili, ndiani na mbao, na pembeni akaandika: "Tumia Kiswahili sanifu." Mzee alipoonyeshwa daftari hilo alivaa miwani, akasoma, akauliza, "Ndia ina kosa gani? Si ndiyo tuliyoipita?"

Hapo ndipo miji hii miwili, ambayo haikubaliani hata juu ya unene wa shati, ilipokutana: yote miwili ilianguka mtihani mmoja. Fauka ya hayo, historia nayo ina mzaha wake. Mkutano ulioichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, na ulifanyika Mombasa. Kimvita, lugha ya Muyaka bin Haji, kilishindwa kikiwa nyumbani kwake, mbele ya wageni wake. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaendeleza kazi ya usanifishaji, na wino mwekundu ukapata mamlaka.

Haifai kudai kwamba usanifishaji ulikuwa dhambi. Bila ya huo, pengine kitabu cha shule kilichoandikwa Dar es Salaam kisingesomeka kwa urahisi Kisumu. Lakini wino ule uliyaweka katika kapu moja maneno mawili yasiyofanana: moja limerithiwa kwa vizazi vingi, na jingine limezuliwa na vijana wa mtaani. Kijana hakuambiwa kwamba la kwanza ni la lahaja na la pili ni la Sheng, wala kwamba kila moja lina mahali pake. Aliambiwa tu kwamba yote mawili ni makosa. Naye akatoa hitimisho lake: kuanzia hapo alimwandikia babu yake kwa Kiingereza, ambacho hakuna aliyemcheka nacho wala aliyemteka. Mzee alijibu kwa Kiingereza alichookota bandarini. Barua zikawa fupi, zenye heshima, na zisizo na habari yoyote.

Desemba kijana alipelekwa Mombasa. Mzee, akiwa ameketi barazani na kahawa yake tungu, alimwona akisimama mlangoni kwa haya, akamwita kwa neno lile lile la zamani: "Ndoo!" Kijana aliingia ndani, akakawia kidogo, kisha akatoka na ndoo mkononi, safari hii kwa makusudi. Akacheka. Babu naye, kwa lugha ya kwao, akateka.