Namba 2231, Namba 6135

Jumapili, 14 Januari 2024

Cheti cha udhamini kimefika. Kwa kweli si cheti, ni namba ndefu ndani ya barua pepe na maelezo machache chini yake. Mke wangu aliisoma barazani kwa sauti, na Bimkubwa, mamangu, akauliza mbona haina muhuri. Hospitali ya umma, Sheffield, Uingereza. Miaka mitatu. Kazi: muuguzi, msimbo 2231.

Imefika baada ya safari ndefu ya mitihani. Kiingereza cha IELTS: alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kisha mtihani wa kompyuta wa baraza la wauguzi la kwao, pauni 83. Kisha Baraza la Wauguzi la Kenya lithibitishe kwa barua kwamba huyu ni muuguzi kweli. Jina lake lilipitia mkataba wa Kenya na Uingereza wa Julai 2021, kwa hiyo hakuna wakala wa mtaani aliyekula senti yake. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Sisi watatu, mimi na watoto wetu wawili, tutafuata baadaye. Vyeti vya watoto havijakaa sawa, na hata kodi ya nyumba ya kule hatuijui.

Jumamosi, 10 Februari

Ameondoka. Mdogo alilala kwenye gari tulipotoka uwanja wa ndege wa Moi, mkubwa hakusema neno mpaka Nyali. Siandiki zaidi leo.

Jumatano, 28 Februari

Ametuma picha ya kadi yake ya ukaazi, aliyoichukua posta. Ana wasiwasi. Viza ni ya miaka mitatu lakini kadi imeandikwa inaisha 31 Desemba 2024. Akadhani wamempunja. Mwenzake Mfilipino akamtuliza: kadi zote zimeandikwa hivyo, kwa sababu serikali inaziondoa na kuhamia viza ya mtandaoni. Ruhusa ni ile ile, plastiki ndiyo inayokufa. Lakini mtu anayeona tarehe hiyo kwenye kadi yake, utamwambiaje asishtuke?

Jumatatu, 11 Machi

Leo watu wanatafuta mwezi wa Ramadhani, na leo hiyo hiyo kanuni mpya ya Uingereza imeanza kazi. Wahudumu wa matunzo, wale wanaowaogesha na kuwalisha wazee majumbani, hawataruhusiwa tena kuja na mume, mke wala mtoto. Serikali yao inasema katika mwaka ulioishia Septemba 2023 wahudumu kama laki moja walifuatana na wategemezi kama 120,000, na kwamba idadi hiyo haivumiliki.

Wauguzi hawakuguswa. Nimeisoma taarifa mara kadhaa nikiwa na hofu ya kijinga kwamba mstari utabadilika nikiusoma tena. Haukubadilika. Mwenye 2231 anaweza kuita familia yake.

Alhamisi, 18 Aprili

Binamu yangu wa Likoni alikuja na bahasha. Ameuza kiwanja alichoachiwa na babake, wakala amempatia kazi ya matunzo kaskazini mwa Uingereza, maombi ya viza ameyatuma juma lililopita. Ana watoto wawili, yeye ndiye mama na ndiye baba.

"Kaka, watoto watanifuata baada ya miezi mitatu. Wakala kaniambia."

Nikamwomba anionyeshe cheti cha udhamini. Msimbo 6135. Nikamuuliza kama aliomba kabla ya tarehe 11 Machi. Hapana. Nikamweleza, akanyamaza, kisha akasema pengine mimi nimesoma vibaya, maana wakala ana ofisi na bendera mbili mezani. Alimpigia simu mbele yangu. Wakala hakukanusha, alisema tu, "Mambo hubadilika, mama, tuwe na subira."

Ninachokiona kibaya zaidi si kanuni. Nchi ina haki ya kuweka kanuni, hata iliyo ngumu. Ni huyu aliyeijua akaificha mpaka kiwanja kimeuzwa. Na Uingereza pia ni marufuku mwajiri kumtoza mfanyakazi ile ada ya serikali ya kuajiri mgeni, wala cheti cha udhamini si bidhaa ya kuuzwa. Binamu yangu hakununua kazi kwa ujinga. Alinunua kwa sababu kila aliyemuuliza kabla yangu alikuwa anauza.

Ataenda. Kiwanja hakirudi.

Jumanne, 7 Mei

Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, na ninajua kontena linavyolala Kilindini kwa herufi moja iliyokosewa kwenye karatasi. Basi nimeikagua familia yangu kama shehena.

Cheti cha kuzaliwa cha mkubwa: jina la babu limeandikwa Omari. Pasipoti yake: Omar. Cheti cha ndoa kutoka kwa Kadhi, 2015: mke wangu ana jina la babake, kama ilivyo desturi yetu na kama dini inavyotaka. Mimi jina la mwisho ni la babu yangu. Watoto wana jina langu na la babangu. Ukituweka mezani mbele ya mtu aliyezoea mke kuchukua jina la mume, sisi wanne tunaonekana kama wasafiri waliokutana stesheni.

Nimekwenda kwa wakili wa Mtaa wa Moi kuapa kiapo cha Omari na Omar. Pia nimeandika barua ya ukurasa mmoja kueleza namna majina yanavyopangwa Pwani: la kwanza ni lako, la pili la baba, la tatu la babu, na mwanamke hauachi ukoo wake kwa kuolewa. Nimeiandika bila kujitetea. Ndivyo tulivyo.

Ushahidi wa kuishi pamoja ulinipa kazi. Nyumba ni ya ukoo. Mita ya stima ingali katika jina la marehemu babangu, maji vilevile. Hakuna bili hata moja yenye majina yetu wawili. Kilichotuokoa ni M-Pesa. Nimechapisha taarifa ya miaka miwili: mimi kwake, yeye kwangu, karo, tokeni, samaki, dawa ya mdogo, "nitumie mia tano niko sokoni". Hakuna picha ya harusi inayoonyesha ndoa vizuri kuliko ile orodha.

Kifua kikuu tumepimwa Nairobi, kliniki ya IOM. Mimi eksirei, watoto, kwa kuwa hawajafika miaka 11, waliulizwa maswali na daktari tu. Cheti kinadumu miezi sita.

Jumatano, 22 Mei

Mke wangu amefaulu mtihani wa vitendo kule Northampton, vituo kumi, mgonjwa wa kuigiza kitandani na mtu wa alama pembeni. Kanuni ilimtaka aufanye katika miezi mitatu ya mwanzo na asajiliwe kabla ya minane. Sasa ni muuguzi kamili wa kwao.

Na leo fedha za kujikimu zinazotakiwa kwa viza zetu zimetimia benki. Pauni 285 kwa ajili yangu, 315 kwa mtoto wa kwanza, 200 kwa wa pili. Jumla 800, kama shilingi laki moja na thelathini. Zinatakiwa zikae siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Mwajiri angeweza kutudhamini tusionyeshe, ila alimdhamini yeye peke yake.

Ada za viza ni pauni 284 kila mtu. Lakini ile tozo ya matibabu, familia za wauguzi zimesamehewa. Nimepiga hesabu kwa mwenye kazi nyingine: pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, kwa kila mwaka. Sisi watatu kwa miaka mitatu ingekuwa pauni 7,761. Zaidi ya shilingi milioni moja na robo. Tusingekwenda popote.

Jumatatu, 17 Juni

Idi ya kuchinja. Ami alikuja baada ya swala, tukala, kisha akaniita pembeni. Ana habari kwamba nina fedha benki. Mkewe anatakiwa alazwe, hospitali inataka amana, atanirudishia Ijumaa.

Ijumaa ni mbali. Siku ya mwisho ya zile 28 ni kesho. Nimemwambia, "Ami, hizo si zangu wiki hii, ni za ubalozi." Hakunielewa, na sikumlaumu. Fedha iliyo ndani na haitoki, huku mke wa ami anaugua, kwetu ina jina baya. Nimepitisha simu kwa ndugu na marafiki mpaka alasiri, tukachanga kiasi akalazwe. Laki na thelathini zimekaa palepale.

Ukiwauliza waliopita njia hii, wengi watakwambia hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote: kuwa na fedha mbele ya jamaa na kukataa kuitumia.

Jumanne, 25 Juni. Eastleigh, Nairobi

Maombi niliyatuma Alhamisi. Leo asubuhi mapema alama za vidole: mimi na mkubwa. Mdogo hajafika miaka mitano, kapigwa picha tu, akalia akiona ameonewa kwa kuwa hakupewa kile kioo cha kijani cha kuwekea vidole.

Tulipotoka mji ulikuwa umebadilika. Vijana wanaopinga Mswada wa Fedha wamejaa barabarani, maduka yanafungwa, gesi ya machozi inafika hata tusikoona mtu. Dereva alitupitisha vichochoroni mpaka kwa shangazi. Mchana habari ikaja kwamba wameingia bungeni na kuna waliouawa. Intaneti inakatika na kurudi. Mkubwa ameniuliza kama hawa vijana nao wanataka viza. Nikamwambia hawa wanataka hapa pawe pazuri. Akauliza, na sisi? Shangazi aliingia na chai, nikapata pa kujificha.

Alhamisi, 18 Julai

Zimetoka. Zote tatu. Stika ya siku 90 ya kuingilia, na ruhusa yenyewe inaisha siku moja na ya mama yao. Mimi naruhusiwa kufanya kazi yoyote isipokuwa uanamichezo wa kulipwa, jambo ambalo halitaisumbua klabu yoyote ya mpira.

Jumatatu, 5 Agosti

Jana genge la watu lilijaribu kuchoma hoteli ya waomba hifadhi Rotherham. Ni jirani kabisa na Sheffield. Wiki nzima misikiti imeshambuliwa katika miji kadhaa, tangu watoto watatu wauawe Southport na uongo usambazwe kuhusu aliyewaua. Mke wangu anakwenda zamu kwa kikundi, hospitali imewaambia wauguzi wa kigeni wasitembee peke yao usiku.

Bimkubwa anasema tusiende. Kaka anasema twende lakini mke avue mtandio, ushauri ambao mke wangu ameujibu kwa kicheko kirefu. Yeye mwenyewe anasema wagonjwa wake wazee wamemletea biskuti na kumwomba radhi kwa mambo wasiyoyafanya. Tutakwenda.

Jumapili, 25 Agosti

Tiketi ni za Ijumaa.

Binamu yuko Uingereza tangu Juni. Watoto wake wako kwa nyanya yao Likoni. Leo nimewapelekea sare za muhula wa tatu. Serikali mpya ya Uingereza iliyochaguliwa Julai haikuigusa kanuni ya 11 Machi. Mpaka abadilishe kazi na msimbo, hataweza kuwaita.

Bimkubwa aliniuliza usiku kama na yeye atafuata. Nilimweleza bila kupamba. Njia ya mzazi mzee ipo kwenye vitabu, lakini inamtaka mtoto awe tayari mkaazi wa kudumu, na mzazi awe hajiwezi na matunzo anayoyahitaji yasipatikane Kenya hata kwa fedha. Yeye anapika, anakwenda Marikiti kwa miguu, anatugombeza sote. Hawezi kupita hapo, na alhamdulillahi. Kilichobaki kwake ni viza ya matembezi: miezi sita, pauni 115.